Mwaka Maji Yalipotuchorea Barabara

Niliposhuka kwenye treni pale Mombo mwezi uliopita, miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa na mgongo ulikuwa haunyooki, lakini Zaina hakuwa na huruma hata chembe. Alikuwa amesimama chini ya paa la stesheni, kajitanda kanga ya njano, mkono kiunoni, akiniangalia ninavyohangaika na begi langu. "Naomi wee! Umezeeka hivi, na mimi nimebaki kijana?" Hatukuwa tumeonana tangu alipoolewa Muheza, na tangu wakati huo kila mmoja wetu amezaa, amezika na amepata wajukuu. Tukakumbatiana pale pale kwenye changarawe, tukacheka hadi abiria waliokuwa bado ndani ya behewa wakachungulia dirishani. Mumewe alipofariki alirudi kwao Kwekidege, na ndiye aliyenipigia simu kuniita. "Lami imefika," aliniambia. "Kutoka barabara kubwa, ikapita kwetu, ikapanda mpaka uwanja wa kanisa lenu Kwembeu. Njoo uikanyage kabla malori hayajaitoboa."

Wanangu Dar es Salaam waliniuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayesafiri siku nzima kwenda kutazama lami, wakati lami imejaa mlangoni. Watoto waliozaliwa mjini wanadhani barabara ni kitu kinachokuwepo tu, mtu akiamka anaikuta. Hawajui kwamba kuna watu waliowahi kuitamani barabara kama mtu anavyotamani mtoto, wakaitafuta kwa majembe, wakakosea, na kosa lenyewe likawa na heri kuliko hesabu zao zote. Mimi ni mmoja wa watu hao, na sioni haya kujisifu. Mwenye kuchimba barabara ana haki ya kuringa juu yake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa Shangazi Eline kule Kwembeu, nasubiri majibu ya mtihani ambayo hayakuwa na haraka ya kuja. Maisha yetu yote yalikuwa jikoni. Lilikuwa jengo dogo nyuma ya nyumba, kuta zimekolea moshi, mafiga matatu katikati, na juu ya moto kichanja cha mahindi ya mbegu. Pale ndipo tulipokula, ndipo wageni walipokaribishwa, na ndipo nilipojifunza kunyamaza na kusikiliza, maana watu wazima wakishakunywa chai ya tangawizi husahau kwamba binti anayechambua maharage ana masikio. Nyuma ya jiko ilianza miti ya plamsi. Shangazi aliipanda mwenyewe kuanzia penye kisima hadi mpakani, na ilipozaa ilizaa kwa fujo, matawi yakainama mpaka chini. Tatizo ni kwamba plamsi haina subira. Kabichi itakungoja, viazi vitakungoja, lakini plamsi ikiiva leo inataka kuondoka leo. Na kutoka kwetu hapakuwa na njia isipokuwa ile ya miguu, iliyoteremka kama ngazi katikati ya migomba mpaka barabara kubwa ya kwenda Soni. Wanawake walijitwika matenga kichwani, wakashuka kwa kujishika kwenye mizizi, na walipofika chini nusu ya mzigo ilikuwa imepondeka na shingo zimekakamaa. Zilizobaki ziliozea mtini. Msimu uliotangulia nyuma ya jiko palinuka pombe, na kuku wa Shangazi walidonoa zile plamsi zilizochacha wakawa wanatembea kwa kuyumba. Watu walicheka. Shangazi hakucheka.

Masika ilipokwisha alinoa shoka. Alilinoa taratibu kwenye jiwe la kisimani, kisha akalitundika juu ya mlango wa jiko, mahali ambapo kila anayeingia lazima alione. Jioni moja alikuja Mzee Zakayo, msimamizi wa mifereji yetu ya maji, mtu mrefu aliyetembea ameinamisha kichwa kwa sababu maisha yake yote alikuwa anaangalia maji yanakwenda wapi. Nilikuwa nje naosha vyombo, lakini ukuta wa jiko ulikuwa wa fito na udongo, na sauti ya Shangazi haikuwahi kujua kunong'ona.

"Zakayo, nakata miti yote. Napanda viazi."

"Eline, mti wa matunda haukatwi kwa hasira."

"Si hasira. Nimechoka kulima ili nilishe nyuki. Mwaka huu plamsi zikiozea hapa tena, kabla ya Krismasi utakuja kuota moto wa magogo yake."

Nikasikia Mzee Zakayo anaweka kikombe chini. "Nipe mpaka plamsi za kwanza ziive," akasema. "Nitakutafutia barabara."

Hayakuwa maneno matupu, maana wiki ile ile alikuwa amepita Bi Tatu, mfanyabiashara wa matunda wa Muheza. Mama huyo alikuwa mnene na hodari, ananunua machungwa kwao na kuyasafirisha kwa reli, na alikuwa amepanda mlima wetu kwa miguu ili aone kwa macho yake kama ni kweli kuna plamsi zinazooza. Alivua viatu mlangoni, akala makande yetu sahani mbili, akazunguka chini ya miti akishikashika matawi. Kisha akatoa neno lake. "Lori langu litapanda huku mara moja tu, plamsi za kwanza zikiwa tayari. Likifika kwenye mti, nachukua matunda ya kijiji kizima, nayashusha Mombo, nayapakia kwenye treni, na mwakani narudi. Likikwama njiani, mnisamehe, Malindi ya huku milimani nako wana matunda." Kwa hiyo kila mtu Kwembeu alijua kinachotakiwa. Lori likifika, miti inapona. Lisipofika, shoka liko juu ya mlango.

Sasa, msomaji atauliza kwa nini tulikuwa hatuna barabara wakati majirani zetu wa Kwekidege, chini kidogo tu, walikuwa nayo. Ndiyo, walikuwa nayo, walichimba wenyewe kutoka barabara kubwa mpaka msikitini kwao. Lakini sisi na wao tulikuwa hatusalimiani vizuri. Zamani, mwaka mmoja wa kiangazi kikali, wazee wetu wa Kwembeu waliziba mfereji huku juu, na kabichi za Kwekidege zikakauka shambani. Kwekidege hawakupigana. Walikata mti wa mkulo, gogo nene la msituni, wakalilaza kwenye mwisho wa juu wa barabara yao, pale inapoishia. Wakasema siku Kwembeu watakapotaka kuunga barabara yao hapa, watalikuta limelala linawasubiri. Yaani walizuia barabara ambayo ilikuwa bado haijazaliwa! Na sisi kwa kiburi chetu tukaapa kwamba tukichimba ya kwetu, itapita bega la pili la mlima, ishuke mpaka barabara kubwa bila kugusa hata jani la Kwekidege. Wakristo tulikuwa sisi, Waislamu walikuwa wao, lakini dini haikuwa na kosa lolote pale. Kosa lilikuwa maji.

Wataalamu wa kupima hatukuwa nao, wala hatukuwa na mtu wa kuwalipa. Tulikuwa na Mzee Zakayo. Alisimama kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada akaeleza mpango wake. Maji yakishuka wima hukimbia na kubomoa. Ukiyapeleka kwa mwendo wa kutembea, hayabomoi kitu. Gurudumu nalo ni hivyo hivyo. Tutachimba kamfereji kembamba kutoka chemchemi ya kisimani, tuyaachie maji kidogo, na pale maji yatakapotembea bila kukimbia wala kusimama, hapo ndipo barabara ipite. Watu wakaguna kwa kuridhika. Sisi watu wa mifereji tulilielewa hilo kuliko ramani yoyote. Na kwa kuwa ulikuwa ni mfereji, ilibidi ufuate desturi ya mifereji, na desturi yetu ilisema kwamba mfereji mpya haupitwi mbele. Hakuna mtu anayetangulia maji kwenda kuchungulia yanakokwenda. Ukiyapita, yanaona haya, yanasimama. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Tukaanza msaragambo. Kila nyumba ilitoa watu, wanaume na masululu na mitarimbo ya kung'olea mawe, wanawake na majembe na makarai ya kubebea udongo. Wapishi walibadilishana zamu. Siku ya Shangazi watu walichimba kwa bidii zaidi, maana alipika bada, ugali wa muhogo, na mboga za maboga zilizoungwa kwa karanga, akaleta na sufuria ya maharage, na alimtazama kila mtu jinsi alivyochimba kabla ya kumpakulia. "Wewe umechimba cha kuku," alimwambia mwalimu wa kwaya, "kula cha kuku." Kwaya yenyewe tuliigeuza injini. Sauti ya kwanza ilichimba, sauti ya pili ikazoa, besi wakasukuma mawe, na nyimbo zilipanda na kushuka na majembe. Mikono yangu iliyozoea kalamu ilitoa malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Nilizionea fahari sugu zile kuliko cheti chochote nilichokuja kupata baadaye.

Kisha ukaja ukungu. Kipupwe chetu kina ukungu unaokaa majuma na majuma, unaingia mpaka ndani ya nyumba, unaloweka mashuka. Sisi tulikuwa tumefika kwenye shamba la miwati, ambako kila mti unafanana na mwenzake, na mbele yetu palikuwa na jiwe kubwa ambalo mpango ulisema tulipite kwa kushoto. Hatukuliona vizuri hata tulipoligusa. Maji yakazunguka jiwe, yakasita, yakaendelea. Mzee Zakayo akainama, akatia kidole, akasema, "Yanatembea." Basi tukayafuata. Tuliimba, tukachimba, tukacheka, hatuoni mbele hata hatua kumi. Kitu kimoja tu kilinishangaza siku zile. Kwekidege walikuwa na shule, na kengele ya shule yao ilikuwa kipande cha reli kilichotoka Mombo, kimening'inizwa kwenye mkaratusi, kinagongwa kwa chuma. Mlio wake tuliuzoea tangu utoto. Ulipanda mpaka kwetu asubuhi na mchana, na Shangazi aliinjika chai kwa kuufuata. Sasa ulikuwa kimya. "Watakuwa wamefunga shule," Shangazi alisema, na likaishia hapo.

Nilikuwa miongoni mwa wachimbaji wa mbele siku ukungu ulipofumuka. Unapoondoka huwa hauagi, unachanika tu mara moja, jua linaingia. Nikainua kichwa nipanguse jasho, nikaona paa la msikiti. Halikuwa mbali kule bondeni ninapolijua. Lilikuwa pale, karibu kiasi cha kuhesabu mabati yake. Nikaona gogo la mkulo limelala mbele yetu. Na upande huu wa gogo nikaona msichana wa rika langu, kajifunga kanga, ameshika ndoo, anatazama maji yetu yanayochirizika kwenye kamfereji kuelekea miguuni kwake. Nyuma yangu wimbo ulikufa mstari mmoja mmoja. Tulikuwa tumezunguka jiwe kwa kulia. Jasho la msimu mzima lilikuwa limetufikisha mlangoni kwa watu tulioapa kutowapita, na plamsi kule juu zilikuwa zimeshaanza kuwa na rangi. Nilimwona Mzee Zakayo anakaa chini kwenye udongo, polepole, na sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye.

Yule msichana akaangusha ndoo, akageuka akapiga kelele ambayo bado naisikia. "Maji! Jamani, maji yamekuja! Kwembeu wametuletea maji!"

Watu wakaanza kutoka majumbani. Wanawake na vigelegele, watoto na vikopo, mzee mmoja akichovya mkono na kujipaka usoni. Sisi tulisimama na majembe yetu, midomo wazi. Na hapo ndipo Shangazi Eline alipofanya jambo ambalo nitalisimulia mpaka nife. Alitia jembe lake begani, akajifuta matope kwenye gauni, akapita mbele ya wanaume wote, mbele ya maji yenyewe, akasimama mbele ya gogo.

"Ndiyo, mwanangu," alisema kwa sauti ya kanisani. "Tumewaletea. Tuliona maji yasije peke yake, tukaja nayo."

Mzee Athumani, kiongozi wa Kwekidege, alikuja na bakora yake na kofia nyeupe, bila haraka. Sisi vijana wa pande zote mbili tukapiga shikamoo, akaitikia moja moja hadi ya mwisho. Kisha akasalimiana na Shangazi Kishambaa, onga makeo, niwedi, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, salamu ndefu kabisa kana kwamba hakuna watu waliotapakaa matope wanaosubiri hatima yao. Hatimaye akaelekeza bakora kwenye maji.

"Haya ni ya leo tu, au ni ya kukaa?"

Shangazi hakugeuka kumtazama Mzee Zakayo. "Ni ya kukaa. Barabara ikipita, mtaro wake unapita nayo. Mkiwa na barabara yetu, mna maji yetu. Hakuna wa kuziba mtaro wa barabara anayopita mwenyewe."

"Na nyinyi mnataka nini?"

"Hilo gogo."

Mzee Athumani alilitazama gogo kama mtu anayemtazama ng'ombe wake wa zamani. "Gogo hili ni zito, Eline. Limekaa mpaka limeota uyoga. Halisukumiki."

"Mimi nina shoka," alisema Shangazi. "Naomi! Kimbia nyumbani, lete shoka lililo juu ya mlango."

Nikageuka nikakimbia. Nilipita kwenye miwati, nikazunguka jiwe, nikapita migomba, nikaona kanisa, nikaona kisima, nikafika jikoni, na nilipoinua mkono kulitoa shoka ndipo nilipogundua kwamba napumua kwa pua. Sikuwahi maishani kupanda kwenda Kwembeu bila kusimama na kujishika kiuno. Nilikuwa nimekimbia njia nzima na kifua kimetulia. Barabara ilikuwa nzuri! Ilikuwa imelala taratibu kwenye ubavu wa mlima, haina haraka, haina hasira, ingawa imetufikisha tusikotaka. Nikacheka peke yangu pale jikoni kwa furaha, nikalibusu shoka lile mpini wake, nikashuka nalo mbio.

Pigo la kwanza alipiga Shangazi. La pili alipiga Mzee Athumani baada ya kukunja mikono ya kanzu. La tatu walimwita Mzee Zakayo, naye alikuja akiwa bado ameinamisha kichwa, lakini alipopiga, kipande kikaruka mpaka kwenye mtaro, watu wakashangilia, na kichwa chake kikainuka. Gogo lilikatwa vipande. Vile vinene vilipelekwa kulazwa pale kwenye miwati, penye kona yenye unyevu, ili magurudumu yasizame. Vilivyobaki vikawa kuni za kupikia. Jioni ile Kwekidege walichinja mbuzi, wakapika wali, na tukala wote kwenye uwanja wa shule, mimi nimekaa ubavuni mwa yule msichana wa ndoo. Aliniambia anaitwa Zaina. Aliniambia pia kwamba ninaimba vibaya, amenisikia. Sikumwuliza amenisikia lini. Kabla ya msimu kuingia, vijiji viwili vilikuwa vinapanua barabara moja kutoka ncha mbili.

Plamsi za kwanza ziliiva mvua za vuli zikiwa bado zinachezacheza. Asubuhi ambayo Bi Tatu aliahidi, hakuna aliyekwenda shamba. Tulipanga matenga kwenye uwanja wa kanisa, tukaanza kusikiliza, na kabla hatujasikia injini tukasikia ile reli ya Kwekidege inagongwa, inagongwa bila mpango, bila kusimama. Lori limeingia kwao! Kisha mlio wa injini, unapanda, unapotea nyuma ya bega la mlima, unarudi. Pale kwenye kona ya miwati ulikaa mahali pamoja, ukanguruma, ukanguruma, na Shangazi akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Shoka lilikuwa limerudi juu ya mlango. Nilijua analifikiria, maana na mimi nilikuwa nalifikiria. Halafu sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, na baada ya muda tukaona kichwa cha lori, bluu, kimejaa matope mpaka kwenye taa, na pembeni yake watoto wa Kwekidege na wa Kwembeu wanakimbia pamoja. Dereva alishuka akazunguka gari lake, akatazama alikotoka. "Mlima huu mmeulaza na nini?" aliuliza. Bi Tatu akateremka na kanga zake, akavua viatu kama ilivyo desturi yake, akasema, "Eline, mti uko wapi?" Lori likasogea nyuma polepole mpaka kwenye mti wa kwanza, ule wa kisimani, na majani yake yakagusa bodi. Shangazi alikaa chini akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyemkataza.

Nilishuka na lori lile mpaka Mombo, juu ya matenga, pamoja na Shangazi ambaye alikataa kabisa kukaa mbele. Tulipita Kwekidege tukirushiwa mikono, tukapita Soni, tukateremka zile kona za bondeni mpaka joto likatupiga usoni tukajua tumefika chini. Behewa la Bi Tatu lilikuwa limesubiri kwenye njia ya pembeni. Tulipakia sote, wapagazi na sisi, tenga kwa tenga, hadi likajaa harufu ya shamba letu. Shangazi aliinama akaweka kiganja juu ya reli. Alikuwa hajawahi kuigusa, ingawa aliinjika chai yake kwa mlio wake maisha yake yote. "Hii inakwenda wapi?" aliniuliza. Nikamwambia upande huu Korogwe, Muheza, mpaka Tanga baharini, na upande ule Same na Moshi. "Na yetu imeungana nayo," alisema. Stesheni masta akapeperusha bendera, treni ikavuta, na sisi wawili tukasimama tukilitazama behewa letu mpaka likawa dogo. Njiani kurudi alikula plamsi moja iliyodondoka, akatema kokwa, akaifunga kwenye pindo la kanga, na tulipofika nyumbani akaipanda. Shoka halikunolewa tena, na mwaka uliofuata Bi Tatu alileta malori mawili.

Hayo yote tuliyapitia upya mimi na Zaina kwenye basi, tukipanda. Shangazi Eline hayupo, Mzee Zakayo na Mzee Athumani hawapo, na wote wanalala kwenye udongo wa mlima ule. Tuliposhuka kwenye basi, gari la kukodi lilitutoa barabara kuu, likaingia kwenye lami mpya, nyeusi, laini, na pembeni mtaro wa zege wenye maji safi yanayotembea. Wakandarasi hawakunyoosha kitu. Kila kona niliikuta pale tulipoiacha. Tulishuka kwenye shule ya Kwekidege, na chini ya mkaratusi, sasa mnene wa kukumbatiwa na watu wawili, ile reli bado inaning'inia.

"Kumbe ipo," nilisema. "Mwaka ule ilinyamaza muda mrefu. Tulidhani mmefunga shule."

Zaina akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti. "Naomi, mbuya wangu, mpaka leo hamjajua? Tuliwasikia! Tangu mlipokata kulia pale jiweni tuliwasikia. Ukungu unafunika macho, haufuniki kwaya. Nyimbo zenu zilikuwa zinakuja kila siku karibu zaidi, na Mzee Athumani akatuita wote msikitini akasema, jamani, Kwembeu wamepotea, na wamepotea na maji. Mtu asikohoe. Akaifungua reli mwenyewe, akaificha chini ya kitanda chake. Alisema wakiisikia tu watajua wako wapi, watageuza, na maji yatageuka nao."

"Lakini wewe... ulikuwa umesimama na ndoo. Ulipiga kelele."

"Ndoo nilipewa. Nilisimama pale tangu alfajiri. Mzee alinichagua kwa sababu ya sauti. Kazi yangu ilikuwa kushangaa."

Nilimtazama bibi yule wa kanga ya njano, nikamkumbuka Shangazi yangu na sauti yake ya kanisani, tumewaletea, tuliona maji yasije peke yake. Maisha yangu yote nilidhani sisi ndio tuliowazunguka. Kicheko kilinianzia tumboni kikanitoa machozi, nikatamani angekuwepo asikie, angempakulia Mzee Athumani sahani ya wanaume watatu. Chuma cha kugongea kilikuwa kwenye panda la mti. Nikakichukua, nikaigonga ile reli kwa nguvu zangu zote, mara moja, mara mbili, mlio ukapanda ubavuni mwa mlima, ukapita miwati, ukalipita jiwe, kuelekea makaburini kwetu.

"Wee, mwalimu atatoka! Unafanya nini?" alisema Zaina.

"Nawaambia wa juu tumefika Kwekidege," nilimjibu, nikagonga tena.